Macho ya Mbodze

Kikoneni,
30 Oktoba 1964

Kwa kaka yangu Rai,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii inakukuta mzima, na baridi ya Nakuru haijakushika kifuani kama ilivyokushika mwaka jana. Sisi huku tu hai, na kwa hilo twamshukuru Mola kwa dhati, maana mwezi uliopita tulikaribia kusema maneno mengine. Vuli imeanza mapema. Mahindi ya bondeni yamekwisha kuota, na paa la upande wa jikoni nimeliziba kwa makuti mapya.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa niliipokea dukani kwa Abdurahman. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama pale pale dukani, mpaka Abdurahman akaniuliza kama kuna msiba. Mara ya pili niliisoma peke yangu. Mara ya tatu nilimsomea mkeo, na jinsi nilivyomsomea nitakueleza mbele.

Umeandika kwa hasira, na kwa jinsi habari ilivyokufikia sikulaumu. Ami Mramba amekwambia kwamba mkeo alitakiwa kulazwa hospitali, naye kwa kinywa chake akakataa, akakaa nyumbani siku nane mpaka macho yakazima na mtoto nusura apotee. Umesema huwezi kumrudia mwanamke aliyemchezea mwanao namna hiyo, na kwamba akipata nguvu ya kusafiri arudishwe kwao Kinango. Kaka, wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukuamrisha jambo. Leo nakuomba moja tu: usimame hapo ulipo, uisome barua hii mpaka mwisho, ndipo uamue.

Ulipoondoka mwezi wa Juni, mimba ya mkeo Mbodze ilikuwa ya miezi mitano na hakuwa na shida yoyote. Alilima, alichota maji, alinicheka mimi nilivyokuwa nikimkataza kubeba kuni. Mwezi wa Agosti miguu ikaanza kuvimba. Tulidhani ni kusimama. Kisha vidole vya mikono vikajaa, pete uliyomvisha ikakwama, tukaitoa kwa sabuni. Wanawake kisimani walisema huyo ni mtoto wa kiume, ndiye anayemnenepesha mama yake, na Mbodze akafurahi kwa kuwa alijua ungefurahi. Mwanzo wa Septemba uso nao ukajaa. Asubuhi akiamka, macho yalikuwa kama ya mtu aliyelia usiku kucha.

Jumatano ya katikati ya mwezi nilimpeleka kliniki Msambweni. Sista anayepima waja wazito pale ni Mkamba, jina lake Kalondu, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Alimfunga Mbodze mpira mkononi, akaupuliza, akasikiliza, akaufungua, kisha akamfunga mkono wa pili kama asiyeyaamini masikio yake. Akachukua mkojo wake katika kichupa chembamba cha kioo, akaupasha juu ya moto wa spiriti. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Niliona kwa macho yangu ulivyogeuka mweupe, kama ute wa yai unavyoiva.

Kisha tukarudi nyumbani. Kaka, hapo pana jambo nimeliruka, na nimeliruka kwa kujua. Mkono umenishinda. Lakini nitalirudia, sitaikunja barua hii kabla sijalirudia.

Siku mbili baada ya hapo, Mbodze alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akaacha. Akanambia anaona vimulimuli. Ilikuwa saa tano ya mchana, jua limewaka uwanjani. Nikamwambia ni njaa, kwa sababu hakunywa uji asubuhi. Akanywa uji, na vimulimuli hawakuondoka. Alisema wanapita upande wa kushoto, wanapanda juu kama cheche za moto uliotiwa kuni mbichi, kisha wanazima, na akifumba macho bado anawaona. Kichwa nacho kilikuwa kikimgonga hapa mbele, juu ya nyusi. Nilimfunga leso na kumpaka majani ya mvumbasha.

Jumapili alikaa kusuka ukili wa mkeka wa mtoto. Unamjua mkeo kwa ukili; husuka huku anazungumza na watu na mkono haukosei. Siku hiyo alisuka akafumua, akasuka akafumua. Mwishowe akaniuliza kama miyaa ile nimeitia rangi, maana anaiona kama ina ukungu. Jumanne alinimiminia uji. Akaumimina kando ya bakuli, ukamwagika mkekani, naye akaendelea kumimina mpaka niliposhika mkono wake. Hakushtuka kwa sababu ya uji. Alishtuka kwa sababu hakujua. Tuliufuta pamoja.

Jumatano alishikwa na maumivu chini ya kifua, penye chembe cha moyo, akatapika kutwa. Alhamisi asubuhi nilikwenda kumwamsha. Akanitazama kwa muda, akasema taratibu, "Wifi, una nusu ya uso."

Nilimwuliza ana maana gani. Akasema ananiona upande mmoja tu, na upande wa pili umeteremka kitu cheusi kama pazia. Akaniomba nisogee, nikasogea. Akasema sasa hata nusu ile anaiona kama iliyo chini ya maji.

Unajua kwamba kwa miaka miwili sasa nafuatana na Bi Sidi katika ukunga. Nimekwisha kupokea watoto saba, yeye akiwa ameketi pembeni. Lakini wiki hiyo Bi Sidi hakuwapo, alikuwa Mariakani matangani, na Mwenyezi Mungu akamrudisha adhuhuri ya Alhamisi hiyo hiyo. Alipita kwetu kabla hajafika kwake. Alibonyeza muundi wa Mbodze kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki kama katika donge la unga. Akamnyooshea vidole na kumwuliza ni vingapi. Mbodze akasema haoni vidole, anaona kivuli. Bi Sidi akasimama. Aliniambia kwamba yeye anapokea watoto tangu kabla ya vita vya kwanza vya Mjarumani, na mwanamke anayeona vimulimuli mchana hajawahi kumgusa wala hatamgusa. Huyu ni wa hospitali, akasema, na si wa kesho.

Nilikimbia mpaka barabarani. Muthoka, yule Mkamba wa mashamba mapya anayechukua mahindi kwa lori, alikuwa akipakia magunia. Nilipomweleza hakuniuliza maswali. Alishusha magunia yote chini, akayaacha pale bila mlinzi, akatandika magunia matupu nyuma ya lori ili mgonjwa alale. Tukaondoka, mimi nimempakata kichwa, Bi Sidi ameshika miguu.

Tulipokuwa tumekaribia Msambweni, mkono wa Mbodze ukaanza kuruka wenyewe. Kisha mdomo ukaenda upande. Kisha mwili mzima ukakakamaa, ukatikisika, macho yamepinduka na povu linamtoka. Kaka, nimeona watu wakifa, lakini sijaona kitu kama kile. Bi Sidi alimlaza ubavu, akanipigia kelele nimshike asijigonge kwenye bodi. Muthoka alisimamisha lori, akatazama nyuma mara moja, akarudi kwenye usukani, na tangu hapo nilimsikia akiomba kwa Kikamba mpaka tunaingia lango la hospitali. Mbodze alitulia, akaanza kukoroma, na nilipomwita hakunijua.

Pale walimpokea kwa haraka. Walimchoma sindano, wakamtia katika chumba cha peke yake, wakafunika madirisha kwa mablanketi. Daktari, mzee mmoja wa Kihindi anayesema Kiswahili cha Mombasa vizuri kuliko mimi, alitukataza kuzungumza kwa sauti, kugonga mlango, hata kuburuta kiti, akisema kwamba mwanga na kelele vinaweza kuuita ugonjwa tena. Ulimrudia mara moja tu. Alfajiri ya Ijumaa uchungu ukamjia wenyewe, akajifungua naye hajui kama anajifungua. Mtoto ni wa kike. Alikuwa na uzito wa ratili nne kasoro. Hakulia mara moja. Sista Kalondu alimpangusa, akamsugua mgongo, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka mtoto akatoa sauti ndogo kama ya paka.

Jumamosi Mbodze alifumbua macho na fahamu zake. Alinijua kwa sauti. Nilimwambia amepata binti, nikamlaza kifuani pake. Alimpapasa kichwa, masikio, akahesabu vidole. Kisha akauliza kwa nini tumezima taa. Nikamjibu madirisha yamezibwa kwa amri ya daktari. Akasema sawa. Baada ya kitambo akauliza tena kama ni usiku. Sista Kalondu alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda dirishani, akainua ukingo wa blanketi, na jua la saa nne likampiga Mbodze usoni. Hakupepesa. Aligeuza kichwa kule nilikokuwa, akaniuliza mara ya tatu. Sista ndiye aliyemwambia.

Daktari alikuja na kurunzi ndogo, akamchungulia ndani ya macho, jicho hili na hili, kwa muda mrefu. Alitueleza kwa maneno ya kueleweka. Alisema ni presha ya damu inayowashika baadhi ya waja wazito, kosa si la mama. Damu inapopanda kupita kiasi, mishipa midogo ya jicho huvuja maji, na maji yale hujikusanya nyuma ya ngozi nyembamba iliyoko ndani kabisa, ile inayotuwezesha kuona. Ngozi ile huinuka, kama plasta ya ukuta inavyofutuka mvua ikipenya nyuma yake. Akasema mtoto akishatoka na presha ikashuka, mara nyingi maji hukauka na ngozi hulala tena mahali pake. Nilimwuliza hizo mara nyingi ni ngapi. Akasema hawezi kuniahidi, tungoje.

Tulingoja. Mbodze hakulia mbele yetu hata mara moja. Alijifunza kumnyonyesha kwa kupapasa. Aliniuliza mambo: nywele za mtoto ni nyingi au chache, rangi yake imeelekea kwako au kwake. Wakati mwingine aliniomba nimwelezee mtoto anafanya nini, nami nilimwambia amelala, hata alipokuwa amefumbua macho akimtazama mama yake, kwa sababu hilo sikuweza kulitamka.

Siku ya tatu ndipo alipofika Ami Mramba pamoja na wazee wawili. Walikuwa wamezunguka kitanda wakati Sista Kalondu alipoingia kupima presha. Akamaliza, akaandika, kisha akatuuliza mbele ya wote: yeye siku ile ya kliniki alisema mgonjwa alazwe, na kama hakuja na nguo, zifuatwe na arejee kesho yake. Kwa nini ilikuwa siku nane? Ami akanitazama. Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa neno Mbodze akasema kutoka kitandani, macho yake yameelekea ukutani pasipo na mtu, "Ni mimi, sista. Wifi alinambia, nikakataa. Niliogopa hospitali."

Ami alitikisa kichwa. Nawe unajua alichokuandikia.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Mbodze aliniambia kuna kitu cheupe kimepita. Ilikuwa aproni ya sista. Kesho yake akaona mlango ulipo. Siku ya kumi na sita nilikuwa nikimfunga mtoto nepi, akasema nimpe. Akamsogeza karibu na jicho la kulia mpaka pua zao zikagusana, akamwangalia kutoka paji la uso mpaka shingoni, taratibu, kama mtu anayesoma. Akasema, "Ana kidevu cha Rai." Akamfunika. Ndipo alipolia, na alilia mpaka wauguzi wakaja wakidhani ametoneshwa jeraha.

Sasa yuko nyumbani, wiki ya pili. Jicho la kulia linaona vyema karibu, ingawa anasema miimo ya mlango imepinda hali imenyooka. La kushoto lina doa katikati kama moshi, na daktari amesema huenda likabaki hivyo. Presha imeshuka. Mtoto ananyonya na amefikia ratili sita. Ameagizwa akishika mimba nyingine aende kliniki tangu mwezi wa tatu, asingoje kuvimba, na asiishi mbali na hospitali miezi ya mwisho.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa narudi kwenye Jumatano ile.

Baada ya kuupasha ule mkojo, Sista Kalondu hakumwambia Mbodze kitu. Mbodze alikuwa amejilaza kwenye benchi nje, amechoka kwa safari. Sista alinivuta pembeni ya mlango. Alisema hataki kumtia hofu mgonjwa, kwa kuwa hofu nayo hupandisha presha, kwa hiyo ananiambia mimi niliyemleta. Akaniambia kwamba damu imepanda mno, mkojo umeganda, anataka alazwe siku ile ile. Nikamwambia hatukuja na nguo. Akasema basi tukachukue, turejee kesho asubuhi. Akanishika mkono wangu huu wa kulia, akasema akianza kuona vibaya, au kuona cheche, au kichwa kikimgonga, nisingoje hata saa moja. Alinitaka niyarudie maneno hayo, nikayarudia mbele yake neno kwa neno.

Nilipotoka nje, Mbodze aliniuliza sista amesema nini. Nikamwambia amesema mambo ni mazuri, apunguze chumvi, arudi mwezi ujao.

Ni mimi, kaka. Mbodze hakukataa hospitali. Hakuwahi kuambiwa. Hata Bi Sidi, alipofika Alhamisi na kuniuliza kliniki walisema nini, nilimjibu hayo hayo ya mwezi ujao, na Mbodze akiwa anasikia.

Utauliza kwa nini, na haki yako kuuliza. Nimejiuliza siku hizi zote, na kila nikipata sababu ya kunipendezesha naona ni ya uongo. Sikumtakia Mbodze mabaya. Nilitaka mtoto azaliwe nyumbani, mikononi mwangu. Bi Sidi alikuwa Mariakani, na nilijua akichelewa nitakuwa peke yangu, nami nilitaka niwe peke yangu. Unanijua. Mimba zangu tatu zilitoka kabla ya wakati, mume wangu Salimu akanirudisha kama mtu anayerudisha chungu kilichovuja, na tangu siku hiyo nikipita mahali ambapo mwanamke amejifungua, watu huficha mtoto wasinionyeshe. Niliwaza kwamba watasema, Mwanaima asiyejaaliwa kuzaa ndiye aliyempokea mtoto wa Rai. Niliwaza hivyo njia nzima ya kurudi, huku mkeo akitembea nyuma yangu, akinitegemea. Nikajiambia masista hutisha watu, nami nimewaona wengi wenye miguu ya kuvimba wakajifungua salama.

Kisha vimulimuli wakaja, zile zile cheche alizozitaja sista. Hapo ningeweza kusema kweli. Lakini kusema kweli siku ya tatu ni kukiri kwamba nilidanganya siku ya kwanza, na kila siku iliyopita ilizidi kuwa nzito kuliko ya nyuma yake. Ule uji ulipomwagika mkekani nilijua. Nilijua kaka, nikafuta.

Siku alipotoka hospitali, tulipobaki wawili nyumbani, nilimwuliza kwa nini alinisitiri mbele ya Ami. Alikuwa akinyonyesha, hakuinua uso. Alisema pale pale sista alipouliza, yeye alielewa yote, maana alikumbuka niliyomwambia kuhusu mwezi ujao. Akasema, "Mimi nikirudishwa Kinango nina baba na mama, watanipokea. Wewe wazazi wenu wamo kaburini, mume amekurudisha, na nyumba hii ni ya Rai. Ukitolewa hapa unakwenda wapi?" Nikamwambia Mungu atamlipa kwa mapenzi yake kwangu. Akaniambia nisijidanganye, hakufanya hivyo kwa kunipenda. Alisema siku zile za giza hakutaka hata kuisikia sauti yangu, na ndiyo sauti pekee aliyokuwa nayo. Ila hakuweza kumtupa mtu. Kisha akaniapisha nisikwambie.

Nimekivunja kiapo hicho leo, na yeye hajui.

Barua yako nilimsomea nikiruka. Nilimsomea salamu, habari za kazi, na pale ulipouliza afya ya mtoto. Mistari ya kumrudisha kwao niliimeza, na mahali pake nikatia maneno yangu, kwamba umesema apumzike. Akaniuliza kama hayo ndiyo yote. Nikasema ndiyo yote. Hivyo nimemdanganya tena, na safari hii nilikuwa nikimtazama machoni.

Kaka, kama kuna mtu wa kuondoka katika nyumba hii, ni mimi. Nimekwisha kuzungumza na Bi Sidi na nimemweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ukunga kwangu basi, hatanichukua tena kwa mzazi yeyote, na hilo nimelikubali. Lakini akasema ana chumba cha nyuma. Nitakaa hapa mpaka Mbodze aweze kuteka maji bila kushikwa mkono, kisha nitahamia huko. Ukitaka niondoke mapema zaidi, niandikie. Kama utataka kusema na Ami, sema naye. Nimejitayarisha kusimama mbele yake na mbele ya wazee, niyarudie haya kama nilivyoyaandika. Wala sikuombi unisamehe katika barua moja. Ninachokuomba ni kwa ajili ya mkeo.

Mwandikie yeye, usipitishe kwangu. Bahasha iandike jina lake, na Abdurahman nimemwambia ampe mkononi mwake. Mbodze alisoma mpaka darasa la nne, na daktari amesema aanze kulizoeza jicho la kulia kidogo kidogo. Jana alitambua maandishi makubwa ya juu ya gunia la unga. Ya gazeti bado, anasema ni kama sisimizi. Basi tumia wino mweusi, andika kwa herufi kubwa, uache nafasi katikati ya mistari, na maneno yasiwe mengi. Na jina la mtoto, ambaye Ami alimchinjia mbuzi lakini mpaka leo tunamwita Mwana tu kwa kukungoja wewe, liweke peke yake katika mstari wake. Mimi sitaisoma. Ataisoma mwenyewe.

Bi Sidi anakusalimu, na Muthoka pia. Magunia yake aliyakuta yote barabarani, hakuna aliyegusa. Abdurahman anasema usisahau mbegu za viazi ulaya ulizomwahidi. Mbodze ananisikia nikikwaruza kalamu, ananiuliza namwandikia nani kwa urefu huu. Nimemwambia nakuandikia wewe. Amesema nikusalimu, na nikwambie kwamba mtoto amekuchukua kidevu.

Wassalamu,

Ni mimi dada yako,
Mwanaima binti Chirau